Mtu wa Nne wa Komite

Binti yangu wa mwisho aliporudi Kasongo kutoka mji wa chuo, alitua mfuko wake mlangoni, akamwamkia mama yake, kisha akaniambia kabla hata ya kunawa: "Baba, teze yangu wameikubali. Imebaki komite tu."

Nilisema alhamdulillahi, kwa kuwa ndilo neno ninalolitanguliza kila habari inapofika. Lakini lile neno lake la mwisho lilinikaa vibaya. Nikamwambia anywe maji kwanza, apumzike, tutaongea baadaye. Kwa kweli nilitaka tu anyamaze kidogo.

Teze ni ile kazi ndefu ya utafiti ambayo mtu huiandika ili awe daktari wa elimu, si daktari wa sindano. Mtaani kwetu neno hilo lilileta vurugu. Jirani mmoja, mama mtu mzima mwenye huruma, alisikia kwamba binti yangu ana tezi, akaja na majani ya kuchua shingo. Alimshika kidevu, akamgeuza huku na huku kwenye mwanga.

"Mbona sioni uvimbe?"

"Mama, ni teze. Ni masomo."

"Masomo ya miaka mingapi?"

"Mine, ao mitano."

"Basi ni ugonjwa," jirani akasema, akamwachia majani.

Alasiri ile binti yangu alikaa nasi kibarazani, mke wangu akichagua mchele kwenye ungo, akatueleza jambo lenyewe. Anachunguza maji ya mito ya Kabambare: matope na zebaki vinavyoshuka kutoka machimbo ya dhahabu, upande wa Salamabila, vinafika wapi na vinafanya nini kwa samaki na kwa watu wanaokunywa. Mtu hafanyi kazi kama hiyo peke yake. Lazima awe na komite ya watu wanne. Wa kwanza ni promota, profesa anayemshika mkono tangu mwanzo mpaka mwisho. Wawili ni maprofesa wengine, wa kusoma na kupinga.

"Nimeelewa," mke wangu alisema. "Promota ni walii wako, na hawa wawili ni mashahidi. Ndoa imetimia! Wa nne ni wa nini?"

"Wa nne ni mutu wa pahali penyewe, mama. Hata kama hana diploma."

Wale watatu alikuwa amekwisha kuwapata, si kwa urahisi. Mmoja wa wale waliomkataa alimuuliza kama mume wake ametoa ruhusa. Alimjibu kwamba mume wake ndiye aliyembebea chupa za kuchotea maji, kilomita kumi kwa miguu. Promota wake alikuwa profesa wa kemia, mwanamke mkali, naye ndiye aliyesisitiza juu ya mtu wa nne. Alimwambia: ukikosa mtu anayejua mto ulikuwaje kabla ya kuchimbwa, utakuwa unampima mgonjwa bila kujua alivyokuwa mzima.

"Na nimemupata," binti yangu akasema, macho yakimwaka. "Kuna mzee mumoja upande wa Wamaza. Alikuwa mupimaji wa kituo cha pamba. Kituo kilikufa, yeye akaendelea. Kila asubuhi anapima mvua, anashuka kusoma mto, anaandika mu madaftari ya shule. Baba, ni miaka mingi kupita umri wangu! Bila ile madaftari mimi sina teze. Na promota anasema mutu kama huyo si wa kuombwa madaftari tu. Ni mwenzetu, akae kwenye komite."

Akataja kijiji.

Mkono wa mke wangu ulisimama juu ya ungo. Aliniangalia mara moja, kisha akaendelea kuchagua mchele, lakini niliona kwamba sasa alikuwa akitupa hata punje nzima.

Kijiji hicho sitakitaja hapa. Tulikaa huko miaka kadhaa, mimi nikifundisha shule ya msingi asubuhi na Kurani mchana. Tulipotoka, binti yangu alikuwa mgongoni mwa mama yake, hajaota meno. Hakukumbuka chochote, wala hatukumsimulia.

"Jina lake na saini yake vinatakiwa mbele ya mwezi kuisha," aliendelea. "Bila wa nne, nafasi yangu inapewa mwingine. Baba, wewe uandike barua. Barua ya mashine ataiona kama ya serikali. Na mwandiko wako kila mutu anausifu."

Nilimwambia nitaandika.

Neno komite kwetu si la kutisha. Kuna komite ya chemchemi, komite ya wazazi, komite ya soko, komite ya kuandaa Maulidi. Kila moja ina "ya" yake, na hiyo "ya" ndiyo inayokuambia kazi yake na mpaka wake. Lakini katika kijiji kile, miaka ya vita, ilikuwepo moja isiyo na "ya". Watu walisema Komite, basi. Komite imeita. Komite imesema. Ilianza kama mkutano wa wanaume waliogawana zamu za kulinda njia ya kuingia kijijini, jambo la busara kabisa, na mimi nikafanywa karani kwa sababu ya mwandiko. Nilijivunia hilo, Mungu anisamehe. Nilikuwa nikipiga mistari kwa rula.

Kisha walikuja wenye bunduki, wakashika barabara, na Komite ikawa inakutana walipotaka wao. Asubuhi moja walidai majina ya watu ambao hawakufika kwenye zamu ya alfajiri. Mwenyekiti alinigeukia. Sikuuliza wanayataka ya nini. Hakuna aliyeuliza. Nilichukua kalamu, nikaandika juu KOMITE, nikapigia mstari, na chini yake majina matatu, na mbele ya kila jina: hakufika. Nakala moja waliichukua wao. Nyingine ilibandikwa kwenye mlango wa shule, shule yangu mwenyewe. Kabla ya adhuhuri wale watu watatu walikuwa wamechukuliwa, na hakurudi hata mmoja.

Mmoja wao alikuwa mdogo wake yule mpima mvua.

Tuliondoka kijijini juma lililofuata. Tangu siku hizo majina yale matatu huja bila kuitwa. Huja nikiwa kwenye sijda. Huja nikitawadha, katikati ya kuosha mkono wa kulia na wa kushoto, hata nikasahau nimefika wapi nikaanza tena. Darasani, nikiita orodha ya wanafunzi, nikifika kwa mtoto ambaye hayupo, siandiki kitu. Naacha nafasi wazi. Wakaguzi wamenikemea kwa hilo miaka yote, nami nimewaomba radhi bila kueleza. Nimewafundisha vijana wengi kwamba haki ya Mungu, Mungu mwenyewe huisamehe, lakini haki ya mtu imo mkononi mwa yule mtu, na usipoifuata ukiwa hai utaikuta mbele. Nikiisema, sauti yangu hubaki imara. Wanafunzi hawajui kitu.

Niliandika barua siku ya pili baada ya sala ya asubuhi. Binti yangu alinipa fomu ya chuo kwa Kifaransa niifuate. Niliweka bismillahi, salamu, heshima zote anazostahili mzee, maelezo ya mto na ya masomo. Mwishoni nikaandika: "Kwa hiyo tunakuomba uingie katika Komite." Fomu ilisema hivyo tu, bila neno la kufuatia, nami nikaifuata fomu. Sikuweka "ya". Nimejiuliza mara nyingi kama mkono ulisahau au mkono ulikumbuka. Sikuweka jina langu pia. Niliweka jina la binti yangu.

Dereva wa pikipiki aliyeipeleka barua alirudi siku ya nne, akaja kwetu akiwa na matope mpaka shingoni, na barua ileile mfukoni.

"Mzee aliisoma amesimama," alituambia. "Aliisoma mara mbili. Akaikunja, akanirudishia. Kufika jioni amehamia kwenye kibanda cha shamba, na madaftari yote ndani ya gunia. Sasa kijiji kizima kinaniuliza mimi: Komite gani imerudia? Nani amekuja nayo? Familia mbili zimefunga vitu, zimeenda kwa ndugu zao. Mwalimu, uliandika nini mule?"

Binti yangu aliichukua barua, akaisoma kwa sauti, mstari kwa mstari, akitafuta kosa. Kiswahili kilikuwa safi. Alinitazama.

"Sioni kitu, baba. Uko unaona wewe?"

"Naona," nikamwambia. "Kesho tutakwenda wote wawili."

Zilibaki siku tisa za mwezi. Mke wangu alinifungia viatu vya mpira na kanzu moja safi ndani ya nailoni, na aliponikabidhi alisema tu, "Umwambie kabla hamjafika."

Njia ya kwenda Kabambare anayeijua anaijua. Tulikuwa na pikipiki mbili. Mahali pengine madereva walizisukuma sisi tukitembea nyuma, na katika kipande kimoja cha namna hiyo, kwenye daraja la magogo, tulikaa kuwasubiri walipokuwa wakizivusha moja moja. Nikamwambia hapo. Nilimwambia kama nilivyoandika hapa, sikujipunguzia wala sikujiongezea.

Binti yangu ni mtu wa vipimo. Alitazama maji chini ya magogo, kisha akaniuliza kama anavyouliza mambo yake.

"Majina mangapi?"

"Matatu."

"Uliyaandika yote wewe?"

"Yote."

"Walikupiga?"

"Hapana. Niliogopa tu."

"Kuna mwenye alikataa?"

"Hakuna aliyekataa."

Pikipiki ya pili ilikuwa imevuka, dereva akatupigia mluzi. Aliinuka, akajipangusa, akasema bila kunigeukia: "Kumbe ndiyo maana mama hapendi niseme hili neno ndani ya nyumba. Nilifikiri ni Kifaransa kinamuchosha." Mkono wake haukunishika kupita magogo, kama ulivyonishika kwenye madaraja yaliyotangulia. Nilivuka mwenyewe polepole. Sikumlaumu. Nilimshukuru Mungu kwamba amepata moyo wa kuuliza maswali ambayo mimi sikuyauliza.

Tulifika shambani kwa mzee mchana. Kilikuwa kibanda cha udongo pembeni ya shamba la mpunga lililokwisha kuvunwa, na yeye amekaa chini akigeuza mpunga kwenye mkeka kwa kiganja. Alikuwa amekuwa mdogo wa mwili kuliko nilivyomkumbuka, kichwa cheupe chote, msalaba mdogo wa mbao kifuani. Tulipokaribia hakuinuka.

"Muandishi amefika," alisema. Akamwita mke wake aliyekuwa ndani: "Mama, leta kiti! Kimoja. Cha mutoto."

Kiti kililetwa, binti yangu akakaa kwenye ncha yake. Mimi nilisimama kwenye jua.

"Jambo, papa," binti yangu akasema.

"Jambo, mama. Barua yako ilikuwa muzuri. Nani alikuandikia?"

"Baba yangu."

"Ninajua. Nakuuliza tu nione kama wewe unasema kweli." Aliendelea kugeuza mpunga. "Ile K yake inalala chini sawa mugonjwa kwenye mukeka. Watu wa Kurani wanaiandika vile. Ile K ilikuwa kwenye mulango ya shule. Nilikuwa ninapita pale kila asubuhi, ninaisoma, kisha ninarudi. Mpaka mvua ikaifuta. Nilipima ile mvua pia."

Nilimwambia: "Ni mimi niliyeandika. Sikupigwa. Niliogopa, nikaandika jina la mdogo wako, na sikuuliza kwa nini hakufika. Nimekuja—"

Aliinua kiganja kilichojaa makapi.

"Simama pale pale, mwalimu. Usinipe toba yako niibebe. Niko na muchele ya kubeba."

Mke wake alicheka kwa ndani, si kicheko cha furaha. Nilikuwa nimetayarisha maneno kwa zaidi ya miaka ishirini, na mengine niliyasema mbele ya kioo, na sasa sikuwa na pa kuyaweka.

Alimgeukia binti yangu. "Sasa wewe. Hii Komite yako inafanya nini?"

"Inakutana kila miezi sita, papa."

"Kufanya nini?"

"Kunihoji mimi."

"Wewe? Si watu wa mto?"

"Mimi peke yangu. Wanaangalia kazi yangu, wananiambia hapa umekosa, hapa rudia, hapa unadanganya."

"Na ukishindwa?"

"Wananirudisha nyumbani."

Mzee aliacha mpunga. Kwa mara ya kwanza alimtazama vizuri. "Yaani mwenye kuita komite ndiye mwenye kuhukumiwa?"

"Ndiyo."

"Na mutu mwenye iko ndani anaweza kusema hapana?"

"Hiyo ndiyo kazi yake, papa. Promota wangu anasema komite mwenye inasema ndiyo tu ni kwaya."

Hapo alicheka kweli, meno machache yakaonekana, akarudia neno hilo kwa mke wake: "Umesikia? Kwaya!" Kisha kicheko kikaisha ghafla, kama kilivyoanza, akawafukuza kuku waliokuwa wakivizia mpunga. Binti yangu hakumsihi. Alimweleza tu kwa kifupi: siku zilizobaki, na kwamba akikataa hatamlaumu, na kwamba akikubali madaftari yatabaki yake, yeye atayapiga picha tu mbele ya macho yake. Akamwambia pia, "Na komite hii ina jina yake yote. Ni komite ya kusimamia teze juu ya maji. Siku ya kuisha teze, nayo inakufa. Kosa la barua ni letu."

"Inakufa," mzee alisema. "Hiyo ni muzuri."

Aliinuka akishika goti, akaja mpaka mbele yangu. Nilisikia harufu ya moshi na ya mpunga mbichi katika shati lake.

"Nitakuja," alisema. "Kwa ajili ya mto, na kwa ajili ya huyu mama mwenye anajibu bila kuzunguka. Lakini wewe siku ile usiandike hata herufi moja. Na usikimbie pia. Mara ya kwanza ulikaa ndani ukaandika. Sasa utakaa inje, karibu, usikie."

"Nitakaa," nikasema.

"Kunywa maji, basi, mbele ya kurudi," akasema, na mke wake akanipa maji kwenye kikombe cha bati. Niliyanywa nikiwa nimesimama, jambo ambalo huwakataza wanafunzi wangu.

Kabla ya kurudi Kasongo binti yangu alipita kijijini, akasimama sokoni, akawaeleza watu komite ile ni ya nini, na inamhukumu nani. Alirudi kwangu, kwenye pikipiki pembeni mwa soko, akiwa amechoka. Mama mmoja muuza mafuta ya mawese alikuwa amemuuliza: kama ni ya maji tu, mbona baba yako amefunika uso?

Sikuwa nimefunika uso. Nilikuwa najifuta jasho kwa kilemba. Lakini sikwenda kumsahihisha.

Mzee alifika Kasongo siku mbili kabla ya mwezi kuisha, kwa pikipiki, amevaa koti la zamani la rangi ya kahawia, gunia la madaftari limefungwa tumboni kwake kama mtoto. Alilala kwa watu wa parokia yake, hakulala kwetu, ingawa mke wangu alikuwa amemtandikia. Asubuhi binti yangu alikaa naye saa tatu nzima, akipiga picha kurasa na kuwatumia maprofesa kila mtandao ulipopatikana. Mchana wakaingia katika chumba kimoja cha shule ya juu hapa mjini, binti yangu, yeye, na simu iliyowekwa juu ya meza ikitoa sauti za watu watatu walio mbali. Mimi nilikaa kwenye benchi chini ya dirisha. Nilikuwa na tasbihi mkononi. Baada ya muda niliona kwamba vidole vinapita kwenye shanga bila neno lolote nyuma yake, nikaiweka mfukoni.

Walisalimiana. Promota alimkaribisha mzee kwa heshima kubwa, akamwita mwenzetu. Binti yangu alieleza kazi yake na wakamkata mara nyingi, hasa profesa mmoja kijana wa mambo ya miamba, mwenye sauti ya haraka. Mzee hakusema kitu. Nilianza kuogopa kwamba atatoka bila kutia saini.

Kisha yule profesa kijana akafika kwenye picha za madaftari.

"Kuna tatizo hapa," sauti yake ilisema. "Miaka yote mwandiko ni mmoja, kazi safi sana, hongera mzee. Lakini mstari huu mmoja una mwandiko mwingine. Na baada yake kurasa tatu hazina kitu kabisa. Nani alisoma kipimo hiki?"

Kiti kilisogea. Hatua zikaja upande wangu, na dirisha lililokuwa nusu likasukumwa likafunguka lote juu ya kichwa changu. Sikuinua macho.

"Mama, chumba ni cha moto," mzee alimwambia binti yangu. Kisha akajibu simu, kwa sauti ya mtu anayeongea na walio ng'ambo ya mto. "Mudogo wangu ndiye alisoma. Mimi niko na homa siku ile, siwezi kusimama. Nikamuambia, kaka, nenda mtoni badala yangu, usiache siku ipite bure. Alfajiri ile iko na zamu ya kulinda njia. Akaniambia, kwanza mto, kisha nitaenda kwenye zamu. Alishuka, akasoma ule ubao wa kupimia maji, akapanda, akaandika hapa. Unaona namna alikandamiza kalamu? Hakuzoea. Alichelewa kwenye zamu. Kisha walimuchukua."

Hilo sikulijua. Miaka yote hiyo nilimwazia amelala, au amelewa, au ameogopa kama mimi. Nilikuwa nimemtungia sababu nyingi, na katika kila moja alikuwa na kosa kidogo.

"Pole sana, mzee," profesa kijana akasema, na sasa alikuwa anaongea polepole. "Pole. Lakini kwa kanuni, kipimo kilichochukuliwa na mtu asiye na mafunzo hatuwezi... Kwa kawaida mstari kama huo hufutwa."

"Hapana," mzee akasema.

"Si kwa ubaya, mzee, ni utaratibu tu wa—"

"Nimeambiwa hapa ndani mutu anaweza kusema hapana. Ninasema hapana. Nilimufundisha mimi mwenyewe kusoma ule ubao, tangu mudogo. Asubuhi ya kesho yake nilishuka na homa yangu kumutafuta, nikauona mto: alama ya maji ya jana bado iko kwenye ubao. Alisoma sawa. Huo mustari haufutwi."

Waliongea kwa Kifaransa wao kwa wao, haraka. Nilishika ukingo wa benchi. Kisha sauti ya promota ikaja, kavu kama kawaida yake, lakini nikasikia kwamba amesogea karibu na simu.

"Kipimo kinabaki. Andika katika kumbukumbu za kikao: imekubaliwa na komite yote. Na katika jedwali la teze, kila kipimo kina jina la aliyekichukua. Hiki nacho. Mpimaji ni nani?"

"Papa," binti yangu akasema, "jina yake inaandikwa namna gani?"

Mzee alibaki dirishani. Aliitaja herufi ya kwanza, akangoja. Kalamu ya binti yangu ilikwaruza karatasi. Akaitaja ya pili. Alitaja moja moja, wazi, kama mtu anayemsomea mwanafunzi ambaye hapaswi kukosea, na mahali penye herufi mbili zinazofanana alisema, "Hiyo ni mara mbili, mama, usiache moja." Mimi nilizijua zote kabla hajazitaja. Nilikaa pale nje, mikono juu ya magoti, nikazisikiliza mpaka ya mwisho.